Maswali ya Wasomaji: Kufungua na Kusajili Biashara Ndogo Mkoani Mbeya

Mwezi huu nimetenga ukurasa wote kwa barua zilizotoka mkoani Mbeya, kwa sababu zimefika zikifuatana na waandishi wake wanafanana: kila mmoja ana mtaji mdogo na wazo zuri, na kila mmoja amekwama mahali fulani kati ya ofisi ya mtaa, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na halmashauri. Nimezifupisha barua bila kugusa maana yake, na majina ya waandishi nimeyaacha.

Swali: Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mkazi wa Uyole, jijini Mbeya. Nimepata fremu ya kufungulia steshenari yenye mashine ya kutoa nakala. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, shilingi 100,000 kwa mwezi. Kijana mmoja ameniambia nimpe shilingi 250,000 anitengenezee kila kitu, kuanzia jina la biashara hadi leseni. Je, nimpe? Na kama nitajifanyia mwenyewe, nianze na kipi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Usimpe. Kusajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) ni shilingi 15,000, ukiongeza 5,000 ya ada ya mwaka inakuwa 20,000. Namba ya utambulisho wa mlipakodi, ambayo sote tumezoea kuiita TIN, hutolewa bure. Kinachobaki ni ada ya leseni, ambayo hutegemea aina ya biashara na mahali ilipo, na utailipa halmashauri kwa namba ya malipo yenye jina lako. Sehemu kubwa ya fedha anayokuomba kijana huyo ni ujira wa kukujazia fomu ambazo unaweza kuzijaza kwa simu yako, na hatari iliyo kubwa kuliko hasara hiyo ni kwamba vishoka wengi hufungua akaunti ya mfumo kwa barua pepe zao wenyewe na nywila wanayoijua wao, kisha siku utakapotaka kubadilisha anwani au kuhuisha taarifa utalazimika kumtafuta na kumlipa tena.

Kuhusu wapi pa kuanzia, watu wengi huanza na jina kwa sababu jina ndilo linalofurahisha, lakini mimi nakushauri uanze na mkataba wa pango. TRA watauliza biashara ipo wapi, halmashauri nayo itauliza hivyo hivyo, na jibu linalokubalika ni karatasi iliyosainiwa. Kabla ya kusaini, zungumza na mwenye nyumba jambo ambalo madalali hawalitaji. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka mpangaji anayefanyia biashara kwenye pango azuie asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi aliolipa. Kwa pango lako la miezi sita, yaani shilingi 600,000, kiasi hicho ni shilingi 60,000. Pamoja na hiyo kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi iliyoandikwa kwenye mkataba, ambao kwako ni shilingi 6,000.

Shilingi 60,000 hizo ni kodi ya mwenye nyumba, si yako. Wewe ni mkono tu wa kuifikisha: unampa yeye 540,000, zile 60,000 unazipeleka TRA, na yeye anapata uthibitisho kwamba kodi yake imelipwa. Tatizo ni kwamba wenye nyumba wengi hujibu kwamba wanataka fedha yao kamili, na mpangaji aliyekwisha kulipa yote hana tena cha kuzuia. Mimi nilifanya kosa hilo nilipofungua duka langu la kwanza. Nilisaini mkataba bila kuusoma, nikalipa pango la mwaka mzima, na wiki moja baadaye nikiwa mbele ya dirisha la kodi nikaulizwa zuio liko wapi. Nilimrudia mwenye nyumba, akakataa katakata, nikailipa kodi yake kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya rafu, na mwezi wa kwanza bidhaa zangu zilikaa juu ya maboksi. Kwa hiyo liandikwe kwenye mkataba kabla ya fedha kutoka mkononi mwako. Akikataa kabisa, mpatane bei ya pango upya huku hesabu hiyo ikiwa wazi kwenu wote wawili.

Mkataba ukishapatikana, ingia kwenye mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao. Utahitaji namba yako ya kitambulisho cha Taifa, namba ya simu, barua pepe yako mwenyewe na anwani ya fremu. Jina linalofanana na lililokwisha kusajiliwa hukataliwa, kwa hiyo usimwite fundi wa kuchora kibao kabla cheti hakijatoka. Kama utafanya biashara kwa majina yako kamili, bila kuongeza neno lolote, sheria haikulazimishi kusajili jina la biashara, ila nakushauri usajili, kwa sababu mteja wa ofisi au shule atakayekuagizia karatasi kwa wingi atataka kukulipa kwa jina la duka.

Baada ya hapo nenda TRA. Kama una TIN uliyopewa wakati wa kuomba leseni ya udereva, usiombe nyingine. Mtu mmoja ana TIN moja maisha yake yote, na unachotakiwa kufanya ni kuomba ibadilishwe iwe ya biashara. Afisa atakukadiria mauzo ya mwaka, na ukimaliza hatua za malipo utapewa cheti cha uthibitisho wa kodi. Cheti hicho, TIN, mkataba wa pango na cheti cha jina ndivyo utakavyoambatisha kwenye mfumo wa Tausi wa TAMISEMI unapoomba leseni. Steshenari ipo kwenye kundi B, ambalo leseni zake hutolewa na halmashauri, kwako ikiwa ni Jiji la Mbeya. Leseni za kundi A, ambazo ni za biashara kama zile za kuingiza na kuuza bidhaa nje ya nchi, hutolewa na BRELA. Leseni yako itadumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa, na inapaswa kubandikwa dukani mahali inapoonekana. Ukifungua tawi Mwanjelwa, tawi hilo litahitaji leseni yake.

Swali: Mshauri, nauza nguo za mitumba kwenye fremu Mwanjelwa, huu ni mwaka wangu wa pili. TRA wamenikadiria shilingi 250,000. Nikijumlisha kichwani naona mauzo yangu kwa mwaka hayazidi milioni nane. Jirani yangu wa biashara ileile analipa karibu nusu ya hiyo. Je, nimeonewa?

Jibu: Inawezekana hukuonewa na bado unalipa zaidi ya unavyopaswa, na sababu imo ndani ya swali lako: unajumlisha kichwani.

Kwa mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo madogo, kodi hutozwa kwa kuangalia mauzo ya mwaka, na viwango viko vya namna mbili: cha mwenye kumbukumbu za maandishi na cha asiye nazo. Mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 hayatozwi kodi hii. Kuanzia hapo hadi 7,000,000, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000, na mwenye nazo hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni nne. Kuanzia 7,000,000 hadi 11,000,000, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, ilhali mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni saba. Sasa fanya hesabu yako. Kwa mauzo ya milioni nane yenye kumbukumbu, unalipa 90,000, unaongeza asilimia 3 ya milioni moja ambayo ni 30,000, jumla 120,000. Tofauti yake na unachodaiwa ni shilingi 130,000, na kwa muuza mitumba hiyo ni fedha ya kuongezea kwenye balo. Ninadhani jirani yako ana daftari.

Kumbukumbu zenyewe hazihitaji mhasibu. Pita pale Mwanjelwa jioni, wakati maduka yanafungwa, utawaona akina mama wameinama juu ya kaunta buku, kalamu ya bluu kwa mauzo na nyekundu kwa manunuzi, kila siku na ukurasa wake, na risiti za jumla zimebanwa kwa pini pembeni. Hicho ndicho kinachotakiwa: tarehe, ulichouza, ulichonunua, gharama ya usafiri, pango, na jumla ya siku. Daftari liandikwe siku hiyohiyo. Afisa aliyezoea kazi hutambua mara moja daftari lililojazwa kwa usiku mmoja, kwa sababu wino wake unafanana kuanzia Januari hadi Desemba.

Kwa makadirio ya mwaka huu, ukiwa na ushahidi wowote wa mauzo, kama miamala ya simu na risiti za balo, sheria inakupa siku 30 tangu ulipopokea hati ya makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Pingamizi hupokewa ukiwa umelipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokipinga, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, na unaweza kumwomba Kamishna Mkuu wa TRA akupunguzie au akuondolee sharti hilo kwa sababu za msingi. Lakini kabla ya kufika huko, nenda ukae na afisa wako na uongee naye ukiwa na karatasi mkononi. Mara nyingi jambo huishia hapo. Kodi yenyewe imegawanywa katika awamu nne, zinazoishia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja mzigo wote ukulemee mara moja.

Kuna mambo mawili ya kuangalia mbele. Mauzo yakifikia shilingi 11,000,000 kwa mwaka utatakiwa kuwa na mashine ya kutolea risiti za kielektroniki, na namna ya kukokotoa kodi yako itabadilika. Pili, Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila Juni na viwango vipya huanza Julai 1, kwa hiyo kila mwezi wa Julai pitia ofisi ya TRA uulize kama jedwali limeguswa.

Swali: Mimi ni mama wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Natengeneza krispi za ndizi nyumbani na kuwauzia wasafiri na wanafunzi. Duka kubwa la jijini limeniambia haliwezi kupokea bidhaa yangu bila alama ya TBS. Nimeambiwa alama hiyo ni ya viwanda vikubwa na ina gharama kubwa. Nifanyeje?

Jibu: Mama, aliyekuambia hivyo amekuvunja moyo bure. Anzia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama wewe, na ofisi yake ya mkoa ipo jijini Mbeya. SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na likikutambua hukuandikia barua ya kukutambulisha kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mzalishaji mdogo mwenye barua hiyo hupatiwa huduma ya kuthibitishiwa ubora bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo.

Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia TBS, kwa hiyo ndio watakaokagua vyote viwili, jengo na bidhaa. Sehemu ya kuzalishia itenganishwe na jiko la familia. Hapa ndipo wengi hukwama, na napenda nikueleze kwa undani. Mkaguzi haangalii ukubwa wa chumba. Anaangalia kama ndizi mbichi zinaingia mlango mmoja na krispi zilizofungwa zinatokea upande mwingine bila kukutana njiani, kama sakafu inasafishika, kama dirisha lina wavu wa kuzuia nzi, kama kuna maji ya kunawa karibu na mlango, na kama mafuta ya kukaangia yanahifadhiwa mbali na mwanga na joto. Chumba kimoja kilichopigwa plasta na kupakwa rangi inayooshwa, chenye meza ya chuma kisichoshika kutu, kinaweza kutosha. Wewe na wasaidizi wako mtapimwa afya, na kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miezi sita. Baada ya ukaguzi, sampuli huchukuliwa kwenda maabara, na ikifaulu unapewa leseni ya kutumia alama ya ubora.

Kwenye kifungashio andika jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na anwani yako. Mizani unayopimia iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, kwa sababu pakiti iliyoandikwa gramu 100 ikakutwa na 90 itakuharibia jina kwenye duka hilo kubwa kabla hujazoeleka. Msimbo wa mistari, ambao duka hilo litaudai pia, hutolewa na GS1 Tanzania, na misimbo ya Tanzania huanza na tarakimu 620.

Na jambo ambalo hukuuliza: cheti cha jina la biashara hakilindi jina la krispi zako. Ukitaka mtu mwingine asiuze krispi kwa jina hilohilo, sajili alama ya biashara, huko huko BRELA, kwa ombi la peke yake. Ulinzi wake ni wa miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usingoje bidhaa ipendwe kwanza.

Kama mtaji wa meza na kikaangio ndio kikwazo, unganeni akina mama watano wenye nia moja, msajili kikundi, mkaonane na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Swali: Sisi ni ndugu wawili wa Kyela. Tunanunua mpunga, tunakoboa na kuuza mchele Mbeya na Dar es Salaam. Kaka yangu anataka tusajili kampuni kwa sababu ina heshima. Mimi naona jina la biashara linatosha. Tunaomba utuamue.

Jibu: Heshima si sababu ya kusajili kampuni. Sababu ni deni. Mkisajili jina la biashara kwa ubia, ninyi na biashara ni kitu kimoja mbele ya sheria: lori likipinduka na mzigo wa mkopo ukapotea, mkopeshaji anaweza kudai hadi shamba na nyumba zenu. Kampuni ni mtu anayejitegemea, na deni lake kwa kawaida huishia kwenye mali zake, isipokuwa pale mlipoweka dhamana zenu binafsi, jambo ambalo benki nyingi hulitaka. Lakini kampuni haiingii kwenye viwango vile vya kodi nilivyomweleza ndugu wa Mwanjelwa. Inatozwa asilimia 30 ya faida, inatunza vitabu kamili vya hesabu, na kila mwaka inawasilisha taarifa BRELA, hata mwaka ambao haikuuza kilo moja.

Kwa maelezo yenu, na kwa kuwa hamjataja mkopo wowote, mimi ningeanza na jina la biashara pamoja na mkataba wa ubia ulioandikwa, unaosema nani ameweka kiasi gani, faida inagawanywaje, na ikitokea mmoja akafariki au akataka kutoka, sehemu yake inakwenda wapi. Najua ndugu huona aibu kuandikiana. Andikeni tu, tena mbele ya wakili, sasa hivi mnapopendana. Siku mtakapotaka kuchukua mkopo mkubwa au kuingia zabuni za taasisi, fungueni kampuni.

Kwa biashara yenu mahsusi, epukeni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, mnapofungasha na mnaponunua. Gunia linapaswa kuwa na uzito usiozidi kilo 100 na kupimwa kwa mizani iliyohakikiwa, na mkulima wa Kyela anayewauzia mpunga wake atawakumbuka kwa hilo.

Swali: Nauza soksi na chaja za simu kwa kutembeza, Kabwe. Mauzo yangu hayafiki hata milioni tatu kwa mwaka. Nami nisajili jina na kukata leseni?

Jibu: Kwa sasa hapana, mdogo wangu. Chukua kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, ambacho ada yake ni shilingi 20,000, ukiombe kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, na ukae kwenye eneo lililopangwa kwa wamachinga. Anza daftari leo, ili ukifika siku ya kukodi fremu uwe na mwaka mmoja wa kumbukumbu mkononi.

Swali: Mwaka juzi nilifungua duka la vipuri vya pikipiki Chunya, likafa baada ya miezi minane. Nilirudisha ufunguo nikaondoka. Sasa nataka kuanza upya jijini, lakini mfumo unaonyesha nina deni la kodi la mwaka ambao sikuuza kitu. Nimeshindwa kulala.

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kilichotokea ni kwamba duka lilifungwa, lakini hakuna aliyeiambia TRA, kwa hiyo kwa mujibu wa mfumo wewe uliendelea kuuza vipuri Chunya. Barua ya kufunga biashara ilitakiwa kuandikwa wiki ileile uliyorudisha ufunguo.

Bado unaweza kulishughulikia. Andika barua kwa meneja wa TRA wa eneo ulilosajiliwa, ukitaja TIN yako, tarehe uliyofunga na sababu. Ambatisha kila kinachothibitisha tarehe hiyo: barua ya mwenye nyumba kwamba ulirudisha fremu, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, leseni ambayo hukuihuisha, na picha yoyote ya siku ya kuhama. Omba makadirio ya kipindi cha baada ya kufunga yafutwe, na ulipe cha miezi minane uliyofanya kazi kwelikweli. Kama kiasi hicho ni kikubwa kwako, omba kwa maandishi ulipe kwa awamu. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe yake.

Usifungue TIN nyingine kwa jina la mke au mdogo wako ili kulikwepa deni hili, hata kama mtu atakushawishi. Likishawekwa sawa, TIN yako hiyohiyo itahamishiwa kwenye anwani mpya jijini, na utaanzia pale alipoanzia binti wa Uyole hapo juu, kwenye mkataba wa pango.